Mguu wa Nne wa Meneja

Mbwa akitembea sebuleni nawe uko jikoni ukamsikia, kucha zake zimezidi. Hiyo ndiyo sheria. Mengine yote ni kuongeza chumvi.

Nawaandikia nyinyi wajukuu zangu, pamoja na hao marafiki zenu wanaofuga mbwa kwenye ploti za mjini, wanawaosha kwa shampuu na kuwavalisha sweta, halafu kucha zikirefuka wananipigia simu mimi nyanya yenu: "Dani, anauma! Dani, tufanye nini?" Anauma kwa sababu mnamshika kama mwizi wa kuku. Hata mimi ningewauma.

Shule niliiacha darasa la tatu, na sijawahi kuililia. Lakini kwa kucha za mbwa, kutoka Homa Bay mpaka Macalder, taja mwingine aliyenishinda. Nangoja. Umeona? Hakuna.

Kazi yenyewe sikuitafuta. Nilikuwa nafagia ofisi ya mifugo pale Homa Bay, miaka ya tisini mwanzoni, mume wangu akiuza samaki ufuoni. Siku za chanjo ya kichaa cha mbwa watu walikuja na mbwa wamefungwa kamba ya katani, kamba ya nguo, mwingine mkanda wa suruali, na suruali yenyewe mwenyewe anaishikilia kwa mkono. Mimi nikaambiwa nishike mbwa. Nikawa nashika, nakwaruzwa. Mikono yangu ikawa kama ya mtu aliyelala kwenye miiba. Nikasema, sitakufa kwa kucha za mbwa wa watu. Nikaanza kuzikata kabla ya sindano.

Aliyenifundisha alikuwa Mkuria mmoja, mzee Mwita, fundi wa kwato za ng'ombe wa kulima. Mtu mfupi, mabega kama ya fahali, maneno machache. Nilimwuliza, "Mzee, kwato na kucha si kitu kimoja?" Akaniangalia akasema, "Ng'ombe akikasirika anakupiga teke. Mbwa akikasirika anakumbuka." Basi. Huo ndio ulikuwa utangulizi.

Lakini mambo alinionyesha. Ndani ya ukucha kuna nyama hai yenye damu. Ukucha mweupe unaiona, iko kama waridi, unakata mbele yake na unaacha nafasi. Siku hizi mnamulika na tochi ya simu. Sisi tulimgeuza mbwa akatazama jua. Ukucha mweusi huoni kitu. Huo unakata vipande vyembamba kama unamenya vitunguu, na kila ukikata unatazama pale palipokatwa. Pakiwa pakavu kama chaki, endelea. Ukiona katikati kadoa keusi kenye unyevu, weka mkasi chini. Hapo nyumba ina mwenyewe.

Na damu ikitoka? Unga wa muhogo. Chota kidole kimoja, kandamiza hapo, hesabu kama unangoja chai ichemke. Au dunga ukucha kwenye sabuni ya kipande. Usipake tumbaku! Kuna mwenye duka mmoja pale Homa Bay aliharakisha kumpaka mbwa wake tumbaku ya kunusa, mbwa akailamba yote, akatapika kwenye viatu vya Mwita, akapiga chafya mpaka jioni. Mwita alitazama viatu, akatazama mbwa, akasema, "Huyu tumemaliza." Akaondoka peku.

Tulipohamia Macalder, kwa kina mume wangu, nilidhani kazi hiyo imekwisha. Mbwa wa kule anakimbia kwenye mawe na machimbo kutwa nzima, kucha zinajikata zenyewe. Nani amlete? Lakini alikuwepo mbwa mmoja aliyestaafu.

Aliitwa Meneja. Mbwa mkubwa, mwekundu, kucha nyeusi tii. Mwenyewe alikuwa mzee Okech, mchimba dhahabu. Jina hilo lilitokana na tabia ya mbwa kukaa juu ya kifusi akitazama watu wakifanya kazi, yeye hafanyi. Halafu siku moja ukuta wa shimo ukamwangukia Okech, ukamfukia mpaka kidevuni, na wenzake walikuwa wamekwenda kula. Meneja akashuka, akafukua. Alifukua na mguu wa kulia wa mbele zaidi, ule mwingine ulikuwa umeumia, mpaka udongo ukatoka kwenye kifua cha mzee na pumzi ikapita. Watu waliporudi walimkuta Okech yuko hai na mbwa anamfukua bado, anamkwaruza sasa, mpaka wakamvuta.

Toka siku hiyo Okech aliacha mashimo, na Meneja akapewa pensheni. Analala juu ya kiti cha kochi, kile chenye kitambaa cha kufuma. Anakula mbuta mnono, wengine tunakula omena, vile vidagaa. Akitaka kwenda mahali mbali, anabebwa kwenye keria ya baiskeli juu ya mto wa kulalia, mkia unaning'inia. Sasa mbwa wa namna hiyo kucha zake zitaishia wapi? Zilijikunja kama vipini vya vikombe.

Mke wa Okech tulimwita Min Atieno, yaani mama Atieno, Msabato wa kweli, mwimbaji wa alto. Miaka yote ya ndoa alimwombea mumewe aingie kanisani, mzee anasema, "Mungu wangu yuko shimoni." Baada ya kufukiwa akabadilika. Akasema, "Nitakuja nisikilize. Sijasema nitabatizwa, nimesema nisikilize. Na Meneja anakuja." Min Atieno angekubali hata aje na punda.

Shida ilikuwa sakafu. Kanisa lile lilikuwa limetoka tu kumwaga saruji, ikasuguliwa kwa nta nyekundu mpaka unajiona uso. Na Meneja hakai mahali pamoja, ni meneja. Watu wameinamisha vichwa wanaomba, kimya kabisa, mara unasikia: tak-tak-tak-tak. Anakwenda kukagua mimbari. Tak-tak-tak-tak. Anarudi. Watoto wanacheka, kina mama wanabana pua wasicheke. Walijaribu kumfunga nje. Akalia kuishinda kwaya, tena kwa sauti nzuri, ndiyo iliyowaudhi zaidi.

Mzee wa kanisa alikuwa Obura, mtu mrefu, mkavu, ambaye alichanga mifuko ya saruji yeye mwenyewe, kwa hiyo kila tak alisikia moyoni. Akamwambia Okech mbele ya watu, "Ndugu, Sabato ijayo sakafu iwe kimya, ama mbwa awe nyumbani."

Okech akajibu, "Shimoni hakuniacha. Mimi nimwache mlangoni kwa sababu ya nta?" Akavaa kofia. "Akibaki nyumbani, nabaki naye. Na nikibaki nyumbani, mashimo bado yako, najua njia."

Basi Min Atieno akaja kwangu mbio, leso imeteleza kichwani. "Nyar Kosele," akaniambia, maana mimi nilizaliwa upande wa Kosele na kule ndivyo walivyoniita, "nimeomba mpaka magoti yamepata sugu. Sasa Mungu amenipa, na kucha za mbwa zinaninyang'anya. Akirudi shimoni safari hii nitamzika. Njoo ukate."

"Nitakata. Mzee amekubali?"

"Hapo ndipo kwenye kazi."

Mzee hakukubali. Nilimkuta amekaa na Meneja kwenye kochi, amekumbatia mguu ule wa kulia kama mtoto mchanga. "Kucha hizi," akasema, "ndizo zilizonifukua. Wewe ungemkata daktari vidole baada ya kukupasua?"

Nikamwambia, "Daktari akiwa na vidole vilivyojikunja mpaka vinachoma kiganja, ndiyo, ningemkata. Lete huo mguu." Nikaugeuza. Ukucha wa pembeni, ule wa juu usiogusa ardhi, ulikuwa umezunguka na ncha imeanza kuingia kwenye ngozi. Vijana, ukucha huo msiusahau kamwe. Hauchakai, kwa sababu haukanyagi chochote, unajikunja kimyakimya tu mpaka unamrudia mwenyewe. Okech akaona pale palipovimba. Uso wake ulianguka.

"Anaumia hapa, na hasemi?"

"Ni mbwa, mzee. Aseme nini?"

Akakubali, kwa masharti. Vipande vyote apewe yeye, avihifadhi kwenye kopo. Mguu wa kulia wa mbele uwe wa mwisho, kama heshima. Na kila ukucha kabla haujakatwa, auage.

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha. Yawa, jamani!

Siku hizo za katikati ya wiki nilikwenda kila asubuhi kumzoesha. Hili muweke akilini: mbwa ambaye hajawahi kushikwa miguu humshiki leo na kumkata leo. Kwanza unamgusa mguu, unampa omena mmoja. Kesho unabonyeza kidole ukucha utokeze, omena. Halafu unagusisha mkasi bila kukata, omena. Mkasi wangu ulikuwa ule mdogo wa kupogolea kahawa, nimeunoa mpaka unakata uzi. Mkasi butu hauukati ukucha, unauponda, na mbwa hatakusamehe. Koleo la fundi wa baiskeli msilikaribishe hata uani. Meneja alinielewa haraka. Ikafika mahali akiniona anatoa mguu mwenyewe, kama bosi anayengoja kusalimiwa.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana tukaanza. Tulikaa uani, Meneja juu ya gunia, mbavu zake zimeegemea paja langu, kiwiko changu shingoni mwake, si kwa nguvu, kwa uzito tu. Tulimwosha miguu kwa maji ya vuguvugu kwanza, ukucha ukilowa unalainika. Mguu wa nyuma wa kushoto. Nikafungua mkasi.

"Ngoja," akasema Okech. Akavua kofia. "Huu ulisukuma jiwe lililokuwa begani kwangu. Lilikuwa jiwe la bluu. Asante."

Nikakata. Kipande, tazama, kipande, tazama, doa, acha. Nikaenda wa pili.

"Ngoja. Huu..."

Kila ukucha ulikuwa na matanga yake! Mwingine ulitoa mchanga sikioni. Mwingine ulikuwa wa kushikilia ukingo asiteleze. Kulikuwa na mmoja ambao mzee alikiri kwamba haukufanya lolote siku ile, na hotuba yake ndiyo ikawa ndefu kuliko zote, maana alitaka kuutetea. Halafu kipande kinaokotwa, kinafutwa, kinawekwa kwenye kopo la mafuta ya kujipaka.

Min Atieno naye alikuwa mbioni. Msabato Ijumaa anashindana na jua: chakula kipikwe, maji yachotwe, nguo zipigwe pasi, viatu ving'arishwe, kabla jua halijazama, kwa sababu likizama Sabato imeingia na kazi imekwisha. Kila akipita na sufuria anatuchungulia.

"Baba Atieno, jua!"

"Naliona."

"Kata hotuba!"

"Meneja angekatisha kufukua kule shimoni ungefurahi?"

Mguu wa pili. Mguu wa tatu. Meneja mwenyewe alichoka kusikiliza akalala, nikawa namkata akikoroma. Nikaweka mguu wa kushoto wa mbele chini, nikanyoosha mgongo, nikashika ule wa kulia. Nikautoa kwanza ule ukucha wa pembeni uliokuwa unachoma, tap, haraka, kabla mzee hajafungua mdomo. Angalau huo ulitoka. Halafu nikaelekeza mkasi kwenye zile kucha kubwa nne za kufukulia.

Min Atieno akatoka mlangoni na kitabu cha nyimbo. Akasema kwa sauti ya kufa, "Limezama."

Tuligeuka sote. Kweli, kilima kilikuwa kimelimeza.

"Nimalizie, ni dakika chache," nikasema.

"Ni Sabato," Okech akasema.

"Mimi ni Mkatoliki. Yangu ni Jumapili. Naruhusiwa."

"Wewe ni Mkatoliki," akasema, "lakini mbwa ni Msabato."

Nikamtazama mtu huyu. Miezi michache nyuma Mungu wake alikuwa shimoni. "Mbwa ni Msabato tangu lini? Wewe mwenyewe hujabatizwa!"

"Mimi nasikiliza tu. Yeye anahudhuria."

"Mzee, ng'ombe akizaa siku ya Sabato huvuti ndama?"

"Ndama hangoji. Ukucha unangoja." Akauchukua ule mguu kutoka mikononi mwangu, akauweka juu ya gunia taratibu. "Upumzike."

Min Atieno alinitazama, mimi nikamtazama. Mwanamke aliomba mume mcha Mungu. Huyo hapo.

Asubuhi niliwafuata kanisani. Sikutaka, lakini kazi yangu ilikuwa inakwenda kuonekana mbele ya watu ikiwa robo tatu, na mimi nina jina. Nilifunga kitambaa nikakaa kwenye benchi la nyuma karibu na kina mama. Wakaingia. Kama mmewahi kusikia mtu mwenye kiatu kimoja, hivyo: kimya, kimya, kimya, TAK. Kimya, kimya, kimya, TAK. Ilikuwa mbaya kuliko kwanza! Zamani ilikuwa kelele, sasa ilikuwa wimbo. Watoto walianza kutikisa vichwa kwa mpigo. Obura alifumba macho kama mtu anayechomwa sindano.

Min Atieno akamnong'oneza mumewe, kanisa zima likasikia: "Ushike huo mguu!"

Okech akainama, akaushika mguu wa Meneja kwa mkono wake, na wakaenda hivyo mpaka mahali pao, mbwa kwa miguu mitatu, mzee amepinda mgongo, kama anampeleka bibi harusi. Wakakaa. Mzee hakuuachia. Uimbaji ukapita, sadaka ikapita, mguu umo mkononi. Sakafu ilikuwa kimya kabisa. Nikamwona Min Atieno anaanza kupumua.

Siku hiyo mhubiri alikuwa mgeni, mtu mzima, mwenye miwani mizito kama vitako vya chupa. Hakuna aliyemwambia habari za Meneja. Nani angeanza wapi? Alihubiri vizuri. Alipofika kwenye wito alivua miwani, akafuta macho, akasema, "Yuko mtu hapa ambaye amekuja kusikiliza tu. Nasema na wewe. Inua mkono wako."

Sasa, mkono wa Okech ulikuwa umekufa ganzi kwa kushikilia uzito ule muda wote. Wakati huohuo akajisogeza, akauinua mguu wa Meneja auegemeze begani kwake apate nafuu. Ukasimama pale pembeni ya sikio lake, mwekundu, mkubwa, kucha juu.

"Naona mkono!" mhubiri akasema.

Vichwa vyote viligeuka.

"Naona mkono kule katikati. Asante, Bwana. Ni mkono wa mtu wa kazi ngumu. Macho yangu ni mabovu, lakini hata kutoka hapa naona mkono uliochimba. Ndugu, mkono huo umechimba vya kutosha. Umemchimbia nani?"

Mama aliye mbele yangu alijitia leso mdomoni. Obura akaanza kuinuka amrekebishe mgeni, akiwa na kidole juu, "Mchungaji, huo si..." Halafu akashusha kidole, kwa sababu alikuwa amemwona Okech.

Okech alikuwa analia. Mzee yule, ambaye walimtoa kwenye udongo na hakusema hata "ai". Machozi yaliteremka yakaingia kwenye manyoya ya Meneja. Akasema, si kwa nguvu, lakini saruji mpya hubeba sauti, "Ulinichimbia mimi."

Na akainua mkono wake mwingine.

"Sasa ni miwili!" mhubiri akashangilia. "Njoo mbele, ndugu, njoo na yote miwili!"

Okech akasimama. Mtu anayekwenda mbele na mkono juu hawezi kuinama kushika mguu wa mbwa. Akauachia. Wakaenda, kimya, kimya, kimya, TAK, kimya, kimya, kimya, TAK, njia yote mpaka mimbarini, na sikusikia mtoto hata mmoja akicheka. Min Atieno hakuimba alto siku hiyo. Hakuimba chochote. Obura alitoka mahali pake, nikasema moyoni, sasa atamfukuza; akaenda akapiga magoti upande wa pili wa mbwa, juu ya nta yake, kwa sababu hapakuwa na nafasi kwingine.

Jumapili nilipotoka misa nilipitia kwao na mkasi wangu. Okech alikuwa uani, gunia limeshatandikwa, unga wa muhogo uko kwenye kisahani. Meneja alinipa mguu. Nikangoja hotuba. Mzee hakuvua kofia. Aliushika ule mguu kwa chini, akaufuta vumbi kwa shati lake, akaniwekea mkononi.

"Kata," akasema. "Lakini polepole, Nyar Kosele. Huu ulifanya kazi jana."